Lenzi Iliyofuta Uwanja

Kuna wapiga picha hapa Mwanza ambao husalimiana kwa milimita za lenzi zao. Wakikutana kwenye harusi hawaulizani habari za watoto. Mmoja anatupa jicho kwenye kamera ya mwenzake na kuuliza, "Siku hizi unatumia ngapi?" na mwenzake anajibu, "Mia mbili," kwa sauti ya mtu anayetaja ng'ombe wake. Wana kundi lao kwenye simu, na mimi nimo, sijui kwa nini sijajitoa. Kutwa nzima wanatumiana picha za lenzi: lenzi juu ya meza, lenzi juu ya kitanda, lenzi imelazwa kwenye kitenge. Picha iliyopigwa kwa hizo lenzi ni nadra kuiona. Ikitumwa, ni ya paka.

Nawadharau, na nina haki ya kuwadharau, kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na kwa miaka miwili hakuna aliyenishinda kwa ujinga.

Yangu niliinunua kwa mtalii mzee aliyetoka mbugani akilalamika mgongo. Mtu mwenye akili angejiuliza mgongo ule umeharibiwa na nini. Mimi niliuza kiwanja changu cha Kisesa, tena kiwanja kizuri, karibu na barabara, nikarudi nyumbani Igogo nimekumbatia chuma cha kilo tatu kama mzazi anayetoka wodini. Ilikuwa ya milimita mia mbili, ya kuvuta vilivyo mbali, na kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama kisahani cha chai. Kioo kipana hunywa mwanga mwingi. Ukumbi uwe na giza, wingu liwe limetanda juu ya uwanja wa mpira, lenzi hiyo inamkamata golikipa akiwa hewani na tone la jasho limesimama kando ya sikio lake. Na inafanya jambo la pili, ambalo ndilo lililonimaliza: inamkata mtu kutoka kwenye dunia. Unayemlenga anaonekana mpaka vinyweleo vya shavuni. Vilivyo nyuma yake, iwe nyumba, iwe mlima, vinakuwa uji.

Wanaume wa lile kundi waliponiona nayo mara ya kwanza waliniuliza, "Dada, hiyo utaiweza?" Kwa swali hilo moja nikaapa kutoishusha shingoni. Nilikwenda nayo sokoni. Nilikwenda nayo kanisani, nikaiweka kwenye benchi pembeni yangu, mama mmoja akakosa pa kukaa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, katika ukumbi mmoja kule Nyegezi. Lenzi ya namna ile haikubali kukaa karibu na mtu. Ukitaka umpate binti kuanzia kilemba hadi kiatu, sharti urudi nyuma hatua kumi na tano au zaidi. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa jikoni, wahudumu wakawa wananikwepa na masinia ya pilau. Binti hanisikii, mimi napiga kelele, muziki unapiga kelele zaidi. Mshereheshaji akaona hapa pana kichekesho cha bure, akachukua kipaza sauti: "Bibi harusi mtarajiwa, mpiga picha wako aliyeko kule stendi ya mabasi anaomba uinue kidevu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilinuna hadi keki ikakatwa. Nikawaona wote washamba.

Neno hilo nililitumia sana siku hizo. Mteja aliyelalamika kwamba viatu vyake havionekani vizuri alikuwa mshamba. Aliyeuliza gari lake limeenda wapi alikuwa mshamba. Ilikuja familia moja kutoka Dodoma, watu watano, wamevaa wamependeza, wanataka picha ufukweni na ziwa lao nyuma na yale mawe yaliyobebana. Nikawapiga mmoja mmoja, kila uso ukatoka kama umechongwa. Baba wa familia alizitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Dada, hii tungeweza kupigia nyumbani. Tungetundika shuka la bluu." Nilimjibu kwamba sanaa haimfai kila mtu. Nilimwambia hivyo mgeni aliyesafiri siku nzima ili aone ziwa, na sikuona haya. Sasa naona haya.

Kwenye mpira ndiko nilikopata sifa kidogo. Gazeti moja lilichukua picha zangu mara kwa mara, ingawa mhariri hakuwa na haja na golikipa hewani. Alitaka mgeni rasmi akishikana mikono na wachezaji. Nilimpiga mgeni rasmi, kitambi kimesimama wazi kabisa, na wachezaji kumi na mmoja nyuma yake wamekuwa ukungu wa jezi. Mhariri alifurahi kupita kiasi. Mtu angepaswa kujifunza kitu hapo, lakini nilikuwa nimeshavimba kichwa.

Sasa nimseme baba yangu. Baba ni manju. Kwetu Usukumani manju ndiye anayetunga nyimbo, anafundisha wachezaji na kuwaongoza uwanjani, na baba ni manju mwenye majivuno ya kutosha ukoo mzima. Ana zaidi ya miaka sabini. Hupaka ndevu piko na kukana mchana kweupe kwamba anapaka. Akipita njiani na mtu asimsalimie, atalisema jambo hilo wiki nzima. Simsengenyi, maana majivuno yangu sikuyaokota barabarani.

Mashindano ya ngoma kwetu, baada ya mavuno, hayana waamuzi wa kuinua vibao vya alama. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake na vituko vyake, vinacheza vikitazamana. Watazamaji wako huru. Wanaanza hapa, wakichoka wanahamia kule, wakisikia shangwe wanarudi. Jua likielekea kuzama kamati inatazama: palipo na watu wengi ndipo penye ushindi. Basi. Unaweza kucheza vizuri kuliko wote, lakini kama watu wamekupa mgongo umeshindwa. Kwa hiyo manju anaishi kwa jambo moja tu, kuona watu wakihama kutoka kwa mwenzake kuja kwake.

Baba alikuwa ameshindwa miaka minne mfululizo na manju mmoja tu, mtu wa makamo, mpole, mwenye chatu. Chatu yule akitolewa kwenye gunia, watoto na watu wazima wanakimbilia huko na kumwacha baba na majembe yake. Maana ngoma ya baba ni ya majembe: wanayarusha, wanayadaka, wanayapiga ardhini kwa mdundo mmoja. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na alishatangaza kwamba mwaka ule anacheza mara ya mwisho. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, lakini hakuwa na habari na dume. Alitaka aache ngoma akiwa mshindi. Hakuficha. Alilisema kwa kila aliyefika pale nyumbani, na mimi akanipigia simu mara tatu kuhakikisha nitakuja na kamera.

Nilifika asubuhi, nikamkuta anapaka mafuta mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Wazee wa kwetu huwaita binti zao hivyo, mama, wakiwa na furaha. Akaitazama lenzi. "Hilo bomba ndilo la leo?"

"Ndilo."

"Haya. Upige watu. Watu waonekane."

"Najua, baba. Ni kazi yangu."

"Sura yangu mimi naijua. Wewe piga watu."

Niliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mteja. Nilikuwa na kilenzi kingine, kidogo, cha plastiki, chepesi kama boksi la kiberiti, ambacho huona upana wote wa uwanja na kila kitu kinatoka wazi, cha karibu na cha mbali. Nilikuwa nimekiacha kabatini Igogo, makusudi. Nisingeweza kuonekana na kitu kile mbele za watu.

Chatu alitoka saa tisa. Kama kawaida watu wakamkimbilia, na upande wa baba wakabaki wake za wachezaji na mbwa wawili. Mimi nilikuwa nimepiga goti kwenye ukingo wa duara, lenzi imekaa juu ya mguu wake mmoja wa chuma, nimemlenga baba na kufumba jicho la pili. Nilimwona anahesabu pumzi. Nilimwona anatazama kule kwa chatu, taya limekaza. Kisha akainua mkono, na ngoma zake zote zikanyamaza kwa pamoja.

Hilo halifanyiki. Hakuna manju anayenyamazisha ngoma zake mwenzake akiwa anapiga. Wachezaji wake waliganda walipo, majembe juu. Baba akauchukua mpini wa lile jembe, akausimamisha juu ya kidevu chake, jembe likiwa juu kabisa angani, akaachia mikono, na akaanza kushuka polepole kwa yale magoti mabovu mpaka akakaa mavumbini, kisha akaanza kuinuka. Kimya. Upande wa pili bado wanapiga, lakini kimya kile kilisikika kuliko ngoma.

Nilipiga picha kama mwendawazimu. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye vumbi la shavu lake. Mshipa wa shingo umesimama. Piko ya ndevu ilikuwa imeanza kumwagikia kidevuni, na hiyo nayo nikaipata. Kuna watu walikuwa wananisukuma mgongoni, wananikanyaga visigino, mmoja aliniegemea kabisa begani, nami nikapiga kelele bila kugeuka, "Jamani, msinisukume, mnanitikisia!" Sikutoa jicho kwenye kamera. Sikuwahi kumwona baba hivyo. Nilikuwa na furaha, lazima niseme, furaha ya mtu aliyejua atawanyamazisha wale wanaume wa kundi la simu.

Wakati huohuo, kamati nzima ilikuwa barabarani. Mgeni rasmi alikuwa amechelewa kwa saa nne, na alipofika, wazee wenye jukumu la kutazama uwanja waliuacha uwanja wakaenda kumvika shada la maua. Magari yake yakaingia yakipiga honi, watu wakatawanyika kwenda kuyatazama magari, kana kwamba hawajawahi kuona magari. Kamati iliporudi kwenye viti vyao palikuwa na vumbi tu. Upande wa baba wanasema watu wote walihama kuja kwetu. Upande wa chatu wanasema hakuhama mtu. Ikawa makelele mpaka mgeni rasmi akaondoka bila kuhutubia, na hiyo ndiyo faida pekee ya siku ile.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, akaamua shauri lisikilizwe kesho yake baada ya ibada, kila upande ulete ushahidi. Baba akasimama katikati ya uwanja akaninyooshea kidole. "Binti yangu ana bomba la picha. Kila kitu kimo mle."

Watu wakanishangilia. Nami nikawapungia mkono.

Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera nilikuwa nimekagua jicho la baba tu, maana kwa lenzi ile ukikosea kidogo pua inatoka wazi na jicho linapotea. Jicho lilikuwa wazi. Nikalala usingizi mzuri.

Tulikaa katika darasa la shule ya msingi, kamati mbele, pande mbili kwenye madawati ya watoto. Walianza na picha za simu. Kila upande ulikuwa nazo nyingi, na zote zilionyesha visogo na vumbi, bila mtu kuweza kusema ni saa ngapi wala ni upande gani. Mwenyekiti akazikataa zote. "Tumsubiri mtaalamu," akasema. Kamera yangu huandika saa na dakika kwenye kila picha, na nilikuwa nimeshawatangazia hilo.

Nikafungua kompyuta. Picha ya kwanza ikatoka, uso wa baba umejaa kioo, na darasa likaguna kwa kuvutiwa. Nikapitisha ya pili. Ya kumi. Ya hamsini. Baba anashuka, baba anainuka, mshipa, jasho, mpini juu ya kidevu. Nyuma yake palikuwa na madoa mekundu na ya njano, laini kama siagi iliyoachwa juani. Nilianza kupitisha haraka zaidi nikitafuta moja, moja tu, ambayo nilitikisika nikakosea kulenga. Sikuwa nimekosea hata mara moja.

Mwenye chatu alikuwa wa kwanza kusema, tena kwa adabu. "Picha nzuri sana. Mzee amependeza."

"Hayo madoa nyuma ni nini?" mwenyekiti akauliza.

"Ni watu," nikasema.

"Inawezekana ni watu," akasema mwenye chatu. "Lakini wachezaji wa mzee nao walivaa nyekundu na njano, na walikuwa wamejipanga nyuma yake. Mimi siwezi kujua. Nauliza tu."

Niliikodolea macho ile picha, na mimi mwenyewe sikuweza kujua.

Mwenyekiti akavua miwani. "Sawa. Picha tuziache. Wewe ulikuwepo pale, mbele kabisa. Tuambie kwa mdomo wako. Watu walihama, hawakuhama?"

Baba alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani, ananitazama. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na shahidi wa damu yake mwenyewe. Ningeweza kudanganya, nimewahi kudanganya kwa mambo ya kipuuzi zaidi ya hilo, na ningekuwa nasema kweli bila kujua. Lakini kichwani palikuwa patupu. Nilitafuta umati kichwani mwangu na sikuuona. Nilimwona yeye tu.

"Nilisukumwa," nikasema. "Nilisukumwa sana, kwa nyuma."

"Na watu wangapi?"

"Sikugeuka."

Mtu mmoja nyuma akacheka, si kwa ubaya. Mwenye chatu aliinamisha kichwa, na kwa hilo nilimchukia kuliko kama angecheka. Kamati haikuchukua muda. Walisema mara ya mwisho wao wenyewe walipoutazama uwanja kwa macho yao, watu walikuwa kwa chatu. Dume likaenda huko.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na baba, yeye akienda polepole kwa sababu ya magoti, nami nimebeba lile lidude begani. Nilimwambia anisamehe. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama ili apumzike.

"Hao waliokusukuma," akasema, "ndio hao watu."

Nililia hapo njiani, mwanamke mzima, na yeye akaendelea kutembea.

Lenzi bado ninayo. Naitumia kwenye mpira, na wanaume wa lile kundi bado wananiomba niwaonyeshe. Nawaonyesha. Picha za siku ile sikuzituma kwa mtu yeyote, ingawa ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na naziona ni takataka.

Baba hakucheza tena. Krismasi iliyofuata nyumba ilijaa wageni, na mmoja wao, jirani mgeni ambaye hakuwa amezaliwa upande ule, akamwuliza kuhusu ngoma. Baba akaweka kikombe chini. Akasimulia alivyonyamazisha ngoma, alivyosimamisha mpini, na jinsi watu walivyoanza kuhama kutoka kwa chatu kuja kwake, kwanza watoto, halafu akina mama, halafu wote, mpaka mwenzake akabaki na gunia lake. Alisimulia vizuri, mikono yote miwili hewani. Nilikuwa nimesimama hapo na birika.

"Una picha yake?" yule jirani akauliza.

"Huyu binti yangu ndiye fundi wa picha Mwanza nzima," baba akasema. "Bahati mbaya siku ile hakuwepo."

Jirani akanigeukia. "Hukuwepo kweli, mama?"

Baba alikuwa anatazama kikombe chake. Nikammiminia chai.

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa na kazi mjini."

Baba akaitikia kwa kichwa, akaendelea na simulizi pale alipoiachia, na kule uwanjani watu wakazidi kumiminika kwake.